Injini Chini ya Mwembe



Katika muda wa mwezi mmoja nimeombwa mara tatu ruhusa ya kutumia mwembe ulio nyuma ya nyumba ya mapadre. Waombaji hawakutaka kivuli wala maembe, walitaka tawi. Kila mmoja alikuwa na gari lililokufa injini, kila mmoja alikuwa ameazima winchi ya mnyororo, na kila mmoja alihitaji mahali pa kuitundika ili aishushe injini yeye mwenyewe. Wote watatu niliwakatalia. Kwa kuwa mmoja wao aliondoka amenuna, nimeona ni vema niziandike hapa sababu zangu kwa utulivu, kwani pale mlangoni hazikupata nafasi ya kusikilizwa.

Kwanza niseme kwamba siidharau hesabu yao. Bei ya kufungua injini na kuifunga upya, pamoja na spea zake, yaweza kulingana na karo ya muhula mzima ya kijana aliyeko seminari ndogo, na gari lenyewe ndilo linaloitafuta hiyo karo. Hali kadhalika, wengi wameumizwa na mafundi. Yule aliyenuna aliniambia, "Baba, fundi wa kwanza alinifunga oili chafu na kunirudishia pampu isiyo yangu. Sasa nimfuate wa pili?" Sikuwa na neno la kumpinga. Juu ya hayo, simu zetu za leo zimejaa video ambamo mtu hufungua injini na kuifunga kwa dakika 20, mikono safi, hata jasho hana. Video hiyo haionyeshi bolti iliyokatikia ndani, wala siku tatu za kutafuta gasketi inayofanana.

Ila hesabu hiyo ina kasoro moja. Inauhesabu ujira wa fundi na kusahau karakana yake. Tunapomlipa fundi, tunalipia pia sakafu ya zege iliyo sawa, stendi za chuma, winchi iliyosimama kwa miguu yake, vipimo, mtu wa pili wa kupiga kelele mambo yakiharibika, na jambo ambalo sijasikia likitajwa hata mara moja: kwamba hakuna mtoto anayecheza pale, wala mama anayepika.

Injini ndogo ya silinda nne, ya gari hizi tunazoendesha wengi, mara nyingi huwa na uzito wa takribani kilo 100 au zaidi. Ya dizeli ya gari kubwa huwa mara mbili ya hapo na zaidi. Mzigo huo ukitundikwa haukai kimya, huyumba, na kila unapoyumba tawi hubeba zaidi ya uzito wenyewe. Mti wa mwembe hauonyeshi kwa nje mahali ulipooza kwa ndani.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa ni jeki. Katika parokia niliyotumikia kabla ya hii, baba mmoja wa watoto wanne alilala chini ya gari lake Jumamosi asubuhi ili afungue sampu ya oili. Gari lilikuwa juu ya jeki, na kwa tahadhari, kama alivyoniambia baadaye, alikuwa ameongeza matofali mawili. Mwanawe wa miaka saba alichuchumaa pembeni akimpa spana. Jeki iliteleza kidogo udongoni, uzito ukahamia kwenye matofali, nayo yakapasuka. Nilipofika hospitali, yule mama alikuwa ameketi kwenye benchi na mtoto mapajani, na suruali ya mtoto ilikuwa bado na oili. Baba alipona, tunashukuru. Lakini nyonga ilivunjika, na kwa miezi minane nyumba ile ilikaa bila dereva na bila mshahara. Jumuiya ndiyo iliyopeleka unga. Mtoto hakuguswa. Alikuwa umbali wa mkono mmoja tu. Tangu siku ile alikataa kukaa karibu na gari lililosimama, na mama yake aliniuliza dawa ya hilo ni nini.

Jeki imetengenezwa kwa ajili ya kupandisha gari, si kwa ajili ya kulishikilia. Ile ya haidroliki husimama juu ya oili iliyozuiwa na mpira mdogo, na mpira huo ukichoka gari hushuka bila kumwarifu aliye chini. Tofali nalo hubeba mzigo mkubwa likiwa ukutani, ambako uzito umesambaa. Ukilikandamiza kwa ncha ya chuma, hupasuka. Asiyekuwa na stendi za chuma, na ardhi ngumu ya kuzisimamisha, asiingie chini ya gari hata kwa dakika moja.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani; hutambaa sakafuni kama maji, ukiutafuta moto, na nyumbani moto haukosekani: kuna jiko la mkaa uani, kuna koroboi, kuna sigara ya jirani aliyekuja kutazama. Anayeosha vyuma kwa petroli kwenye beseni, hatua chache tu kutoka jikoni, ameiweka familia yake yote katika kazi ile bila kuwauliza. Na injini ikiisha kufungwa, wengi huiwasha palepale bandani, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, ili waisikilize. Gesi inayotoka, kaboni monoksidi, ndiyo ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu wala rangi, na hushikana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Bandani ukutani kwa chumba cha watoto! Nimeliona hilo kwa macho yangu, nikafungua mlango mwenyewe bila kubisha hodi.

Kuna na madogo ambayo si madogo. Dawa ya rejeta ina utamu, na mtoto au mbwa akiikuta kwenye kopo ataionja. Nyingi ya dawa hizo zina sumu inayoua figo. Maji ya rejeta yenyewe, yakiwa yamefungiwa kwa shinikizo, hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na mfuniko ukifunguliwa yanalipuka kuwa mvuke usoni. Kwenye injini za dizeli za kisasa, mafuta hupita katika mabomba kwa shinikizo linaloweza kuzidi la hewa mara 1,000 na zaidi. Mrija ukivuja ukauwekea kidole, mafuta hupenya ngozi na kuacha tundu kama la sindano. Tundu hilo halitishi, na ndiyo sababu watu huchelewa hospitali na kupoteza kidole.

Tuseme sasa Mungu amejalia na hakuna aliyeumia. Je, injini itapona? Hapa ndipo ninapowahurumia zaidi hao wenye moyo wa kujaribu. Kati ya kranki na beringi zake huachwa nafasi ya oili ambayo katika magari mengi madogo ni kati ya milimita 0.02 na 0.06. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Chembe moja ya mchanga iliyopeperushwa kutoka uani ikiingia humo, itakwaruza chuma mpaka injini ianze kugonga. Silinda hedi iliyopata joto kupita kiasi hupinda kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka kabisa, kisha hupelekwa kwa wenye mashine za kuchonga ikasawazishwe. Bolti zake hukazwa kwa utaratibu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo, na baadhi yake zimetengenezwa kunyumbuka mara moja tu. Zikifunguliwa ni za kutupwa. Mkanda wa taimingi ukikosewa meno machache, katika injini nyingi pistoni huzigonga valvu mara ya kwanza unapopiga stata.

Basi mtu hununua gasketi mara mbili, hupoteza wiki sita, na mwisho humfuata fundi akiwa na injini yake ndani ya beseni. Fundi hawezi kuusoma ugonjwa wa injini iliyoletwa vipande. Alama zote, masizi yalikokaa, maji yalikopita, zimekwisha kufutwa kwa tambara. Naye hutoza zaidi, na kwa haki.

Msinielewe vibaya, sitaki watu waogope kulifungua boneti. Mwaka 1888 huko Ujerumani, Bertha Benz, mke wa Karl Benz aliyetengeneza gari, alisafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, yapata kilomita 100, safari ambayo gari halikuwahi kufanya. Njiani alizibua mrija wa mafuta kwa pini ya kofia yake na kufunika waya uliochubuka kwa ukanda wa soksi. Lakini mnyororo uliposumbua alimwendea mhunzi, na breki zilipolika alimwendea mshona viatu azipigilie ngozi. Huyo ndiye niliyetamani kumsimulia yule ndugu aliyenuna.

Kwa hiyo badilisheni oili wenyewe, plagi, chujio la hewa, betri. Vueni pete na saa ya chuma kabla ya kugusa betri. Oili chafu msiimwage uani wala karibu na kisima, na isikae mikononi, maana ikigusa ngozi mara kwa mara yaweza kuleta saratani. Ipelekeni gereji katika dumu. Anayeipenda kazi hii kwa dhati ajue kwamba vyuo vya VETA vina kozi za ufundi wa magari. Na kazi ya kushusha injini ikifika, mwendeeni fundi na shahidi: bei iandikwe, malipo yawe kwa awamu, spea mkanunue pamoja, na spea za zamani zote mrudishiwe mkononi. Kufika gereji kila jioni kutazama si kumtukana fundi. Aliye mwaminifu hulipenda.

Parokia ina stendi nne za chuma zilizonunuliwa kwa ajili ya gari letu. Ziko kwa mlinzi, getini. Anayezihitaji kwa kubadilisha oili aziazime, aandike jina na namba ya simu kwenye daftari, na azirejeshe kabla ya Jumamosi jioni, kwa sababu kuna mwingine anayezingoja.