Desa la kopi ya kopi

Nilipanda Mgeta kumwona mjomba, na swali lake limeninyima usingizi.

Mjomba analima kabichi huko juu Uluguru, kwenye baridi ambako ndorobo hafiki. Mwaka 2024 alinunua ng'ombe sita, akawaweka kwa rafiki yake Doma, bondeni, jirani na hifadhi ya Mikumi. Wanne wamekufa kwa nagana. Juzi alikwenda kuwaangalia waliobaki, naye akaumwa na ndorobo.

"Mpwa wangu, wewe msomi. Huyo mdudu wa ng'ombe atanihamia?"

Damu ya binadamu huviua vimelea vya kawaida vya ng'ombe. Lakini kuna aina iitwayo rhodesiense, yenye jeni inayoikinga na damu yetu, na ndiyo iletayo malale huku Tanzania. Ndani ya damu vimelea hivi havina mume wala mke, kila kimoja hujigawa viwili basi. Ndani ya ndorobo ni habari nyingine. Mwaka 1986 watafiti walionyesha kwamba vikikutana humo vinaweza kuchanganya jeni. Yaani cha ng'ombe kinaweza kuzaa na rhodesiense, watoto wakarithi ile kinga. Maabara imeshawezekana.

Cha ajabu ni ndugu yao wa Afrika Magharibi na Kati, gambiense. Huyu aliacha kabisa kuchanganya. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walisoma jeni zake wakakuta ukoo mmoja, uliotoka kwa babu mmoja ndani ya miaka 10,000 iliyopita. Kinadharia alipaswa kufa. Waliopita chuo wanajua madesa: kopi ya kopi ya kopi, kosa la wa kwanza halifutiki, na kila anayetoa kopi anaongeza lake. Lakini gambiense ana nakala mbili za kila kromosomu, na pengine kipande cha nakala moja huandikwa juu ya kibovu cha nyingine. Ndivyo tulivyofanya usiku wa kuamkia mtihani, madesa mawili mezani (tatizo ni pale yote mawili yanapokosea ukurasa uleule). Na ndiye aliyeugua nao Waafrika wengi zaidi kati ya wenye malale.

Nilipomweleza, mjomba alicheka: "Kumbe huyu wa kwetu ndiye anayeoa!"

Nimemwambia akisikia homa au kichwa asinywe panadol akalala, aende hospitali apimwe damu. Ng'ombe wawili amewauza. Kila jioni namtumia meseji. Ya leo hajajibu.