Nyumba ya Mshairi katika Mji wa Sana'a

Mwezi wa Agosti 2020 mvua kubwa ziliushukia mji wa Sana'a, na miongoni mwa nyumba zilizoporomoka katika mji mkongwe ilikuwamo nyumba ya Abdullah al-Baradouni. Mshairi huyo wa Yemen, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 1999, alipofuka angali mtoto kwa maradhi ya ndui. Aliishi basi gizani katika mji unaosifika duniani kwa madirisha yake, akaacha diwani baada ya diwani. Diwani hizo zingalipo. Nyumba imekuwa kifusi.

Ni rahisi kuilaumu mvua. Lakini mvua haikuanza kunyesha Sana'a mwaka ule. Mji huo umekaa katika uwanda uliozungukwa na milima, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na umepigwa na mvua kwa karne nyingi. Nyumba zake husimama wima kama minara, nyingine zikifika ghorofa saba au nane: chini mawe, juu matofali ya kuchoma, na juu ya matofali mapambo ya jasi nyeupe yanayozunguka kila dirisha. Juu ya dirisha hukaa qamariya, jina litokanalo na mwezi kwa Kiarabu. Hiyo ni nusu duara ya vioo vya rangi vilivyoshikizwa kwa jasi, inayomwaga nuru nyekundu, buluu na kijani juu ya mikeka. Chumba cha juu kabisa, ambamo wenyeji hukutana alasiri, huitwa mafraj, na asili ya neno hilo ndiyo asili ya neno faraja.

Uzuri huo wote una sharti lake. Jasi hubanduka na dari za udongo hunyonya maji, kwa hiyo hazina budi kusiribwa upya kila mara. Wajenzi wa kale walijua hivyo, wakaufanya ukarabati kuwa sehemu ya maisha, kama kufua na kupika. Hata maji hayakupotea: yaliyotumika kwa udhu misikitini yalielekezwa kwenye bustani zilizo kando yake, yakakuza mboga za mtaa. Wahenga wa Pwani waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta wangalielewana mara moja na fundi wa Sana'a.

Mabadiliko makubwa yalianza baada ya mapinduzi ya 1962. Barabara, magari na saruji viliingia. Maji ya bomba yalifikishwa majumbani kabla ya kuwekwa mifereji ya kuyatoa, yakajipenyeza katika misingi. Wenye uwezo wakahamia vitongoji vipya. Mwaka 1970 Pier Paolo Pasolini, mshairi na mtengenezaji filamu wa Italia, alirekodi mjini humo filamu fupi ya kuiomba UNESCO iuokoe mji. Kampeni ya kimataifa ilizinduliwa mwaka 1984, na mwaka 1986 mji mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia, ukiwa na nyumba zaidi ya 6,000. Njia ziliwekwa mawe, majengo yakatengenezwa, na mwaka 1995 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Juni 2015 bomu liliangusha nyumba katika mtaa wa al-Qasimi na kuua watu waliokuwamo, na mwezi uliofuata mji ukaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hata hivyo nyumba nyingi zilijeruhiwa kimyakimya. Tangu mwaka 2016 watumishi wengi wa serikali walikosa mishahara, na mtu asiye na unga wa kesho hawezi kununua jasi ya dari. Ufa uliozibwa kila mwaka ukaachwa mwaka mmoja, ukaachwa wa pili. Mvua za 2020 zilikuta milango imekwisha kufunguliwa.

Wakazi wa visiwa hawana haja ya kuambiwa mengi. Mwaka uleule, tarehe 25 Desemba, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Unguja, ikaua mafundi waliokuwa wakiikarabati. Jumba hilo la mwaka 1883 lilikuwa limo katika Mji Mkongwe, ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mawe ya matumbawe na chokaa, kama udongo na jasi ya milimani, hudai kuhudumiwa bila kukoma.

Huko Sana'a vijana wamekuwa wakilipwa ujira kuzijenga upya nyumba zilizoharibika, chini ya mpango wa UNESCO na Umoja wa Ulaya, na pamoja na ujira wamejifunza mkono wa mafundi wazee. Hilo ndilo la kushangiliwa kuliko tuzo. Shairi lisilosomwa huweza kungoja kitabuni miaka mia, likapata msomaji na kuwa hai tena. Nyumba haingoji. Hati ya urithi hutundikwa ukutani, na ukuta wenyewe ndio unaotaka fundi, jasi na mwenye nyumba aliyeshiba.