Kuaga Mwenye Nyumba

Parseli ya baba yetu Buyenzi, hapa Bujumbura, ilikuwa na nyumba kubwa mbele na vyumba vya kupangisha nyuma, vyote vikitazamana kwenye ua mmoja wenye bomba moja na choo kimoja. Wapangaji walikuwa mafundi cherehani, makanika, wauza ndagala, na wakati fulani mwalimu wa Kurani aliyetoka Kigoma. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Mtu aliingia na godoro na sufuria zake, akamkabidhi baba kodi ya mwezi wa kwanza, baba akaandika kwenye daftari la shule, basi. Mwezi ukiisha unaanza mwingine. Kuna waliokaa hivyo mpaka watoto wao wakaoa.

Kuondoka ndiko kulikokuwa na utaratibu. Anayetaka kuhama alibisha hodi baada ya sala ya Isha, kabla ya tarehe mosi, na hakuja peke yake. Alifuatana na mtu mzima mmoja, aghalabu jirani wa ua wa pili. Wakikaribishwa, wakiulizana habari za nyumbani, ndipo neno linatoka: "Mzee, mwezi huu unaoingia ndio wetu wa mwisho." Baba angeuliza kuna nini, kama ni ugomvi wa foleni ya bomba au bati linalovuja. Yule jirani hakusema kitu. Kazi yake ilikuwa kusikia.

Mwezi uliotangazwa ulihesabiwa kuanzia tarehe mosi. Aliyekuja tarehe tano akidai siku zake thelathini aliambiwa kwa upole kwamba mwezi huu umeshaanza, ahesabu ujao. Kwa kawaida yeye mwenyewe ndiye aliyemleta wa kumrithi: shemeji, fundi mwenzake, mtu wa kwao. Baba naye alikuwa na mipaka yake. Hakumwambia mtu ahame ndani ya Ramadhani, na mama aliyejifungua aliachwa atimize arobaini kwanza, hata kama mumewe anadaiwa.

Preavi ya maandishi, yaani notisi ya kuhama, niliijulia Ngagara, mtaa ambao wazee waliuita OCAF kwa jina la ofisi ya Wabelgiji iliyoujenga. Mjomba wangu alikuwa karani huko, na alipotaka kuhama aliniita nimpigie barua kwa mashine, maana nilikuwa sekondari na Kifaransa changu kilisifiwa kuliko kilivyostahili. Karatasi mbili, kaboni katikati. Barua yenyewe haikuzidi mistari minne: nani anaacha nyumba gani, kuanzia lini, funguo zitarudishwa siku gani. Kilichonishangaza ni nakala ya pili. Mjomba aliipeleka kwa mwenye nyumba, akasimama mlangoni mpaka yule bwana akaandika chini yake kwamba amepokea, akatia tarehe na saini. Kisha akaikunja na kuiweka kwenye bahasha moja na cheti chake cha ndoa.

Habari zikaenea, nikawa mwandishi wa preavi wa mtaa mzima, za wenye nyumba na za wapangaji. Wakili mmoja aliyemjua baba ndiye aliyenifumbua macho kuhusu sheria yenyewe. Sheria ya mikataba ya Burundi ilirithi dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold kwa kufuata sheria za Ulaya. Humo, kontra ya nyumba ikiisha muda wake na mpangaji akaachwa aendelee kukaa, inazaliwa kontra mpya kimyakimya, nayo inahesabiwa kama ile isiyoandikwa. Na isiyoandikwa huvunjwa kwa muda gani? Kwa muda unaokubalika na desturi ya mahali. Nilicheka. Yaani jaji akitaka kujua muda sahihi wa preavi Buyenzi, itabidi amuulize baba yangu na yule jirani asiyesema kitu.

Sikujua wakati ule kwamba desturi nayo huvunjika. Machi 1995, vita vilipoingia Bwiza na Buyenzi, watu walikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na walichovaa. Nani angebisha hodi baada ya Isha? Chumba cha fundi mmoja kilibaki na cherehani yake na suruali ya mteja iliyopigwa pindo mguu mmoja. Baba alikifunga kwa kufuli na hakudai kodi. Wenye nyumba wengine waliuza vyombo wakaweka mpangaji mpya wiki ileile. Mimi siwalaumu wote. Kuna waliokuwa wakiishi kwa kodi hiyo tu.

Vita vilipotulia ikaja garanti, amana anayoweka mpangaji anapoingia. Zamani ilikuwa mambo ya majumba ya Rohero na Kiriri. Sasa hata chumba kimoja cha Buyenzi kiliombewa mwezi mmoja wa ziada, kisha miwili, kisha mitatu. Mwenye nyumba alikuwa amejifunza kwamba mtu anaweza kutoweka usiku. Mpangaji naye akajifunza upesi kwamba garanti haina mlango wa kutokea: siku ya kurudisha funguo kutatajwa ukuta uliochafuka, kitasa, fakitira ya maji na umeme ya Regideso ambayo bado haijafika. Basi akaanza kuila. Miezi yake ya mwisho hakulipa kodi, akaacha garanti ijimalize, na kule kutolipa ndiko kulikomwambia mwenye nyumba kwamba anaondoka. Preavi ya mdomo ilifia hapo. Watu wa rika langu huwalaumu vijana na simu zao, lakini mimi niliyeandika zile barua najua kwamba iliyoanza kuiua ni garanti.

Mwaka 2015 mambo yalipinduka tena, safari hii kwa faida ya mpangaji. Maandamano yalianza Aprili, jaribio la mapinduzi likafuata Mei, na watu kwa malaki wakavuka mipaka kwenda Rwanda na Tanzania. Preavi ikawa simu kutoka kambi ya Mahama au Nyarugusu: "Boss, tumeshafika, chukua nyumba yako." Kinindo na Rohero vibao vya nyumba za kukodisha vilining'inia kwenye mageti, kodi zikashuka, na nikawaona wenye nyumba wakiwabembeleza wapangaji wabaki kwa bei ya hasara. Ndipo pia daftari la nyumba, lile la kuandika kila anayelala ndani, lilipoanza kukaguliwa kwa ukali. Kuhama bila jina lako kufutwa hapa na kuandikwa kule ilikuwa kujitafutia kesi. Kwa hiyo nyumbakumi akawa anajua safari yako kabla ya mwenye nyumba. Shahidi alirudi, ila sasa ni shahidi anayekuangalia wewe.

Siku hizi mwenye nyumba anaweza kuwa Bruksel au Kanada, kodi inakwenda kwa simu, kwa Lumicash, na anayekuonyesha chumba ni komisyoneri ambaye akishapata chake hakujui tena. Umeme ni wa kashi pawa, unalipiwa kabla ya kutumiwa, kwa hiyo ugomvi wa fakitira umebaki kwenye maji. Mdogo wangu wa kike alipanga hivyo Kanyosha, kwa kontra ya mwaka. Mwaka ukapita, hakuna aliyesema neno, akaendelea kulipa. Kisha jioni moja ya mwisho wa mwezi ikaingia sauti ya WhatsApp: nyumba inatakiwa, tarehe mosi mtu mwingine anaingia. Kumbe komisyoneri ameleta anayelipa zaidi.

Alitaka kufungasha. Nikamwambia akae, maana kesi ya kumtoa mpangaji kwa nguvu ni ya mahakama, tribunali ya rezidansi, haiamuliwi na simu. Tulikwenda kwa mkuu wa mtaa na wazee wawili, tukawachezea ile sauti. Mzee mmoja aliomba irudiwe, akauliza swali moja tu: "Hii imetumwa tarehe ngapi?" Nikamwonyesha kwenye kioo. Akatoa hukumu ambayo baba angeitoa: mwezi mzima kuanzia tarehe mosi, na kodi ya mwezi huo ikatwe kwenye garanti. Mwenye nyumba alifoka kwa simu karibu saa nzima, kisha akakubali. Salio la garanti alilirudisha pungufu, akitaja rangi ya ukuta.

Kenya muda huu wa preavi waliuandika wazi katika Sheria ya Ardhi ya 2012: kwa upangaji unaojirudia, notisi isipungue kipindi kimoja cha kodi, na iishie siku ya kulipa kodi. Nilipoisoma niliona ndiyo hesabu ya baba, tarehe mosi hadi tarehe mosi, ila sasa ina nambari ya kifungu. Mpangaji wa Nairobi anaweza kuinukuu mbele ya yeyote. Sisi kwetu bado tunahitaji mzee anayekumbuka, na wazee wa namna hiyo wanazikwa kila mwaka.

Bado naandika preavi za majirani, sasa kwa kompyuta, na mistari ni minne ileile. Wanaoniomba nitume kwa WhatsApp nawatumia, lakini nawapa na karatasi mbili mkononi. Kama na wewe umepanga Bujumbura na kontra yako imeshaisha muda wake, peleka yako kabla ya tarehe mosi, nenda na jirani mmoja, usiondoke mlangoni kabla nakala haijatiwa saini na tarehe. Mwenye nyumba akiwa ng'ambo, mkabidhi anayekusanya kodi mbele ya nyumbakumi. Na piga picha ya kuta kabla hujatoa kitanda.