Jina Sahihi, Ndani Mbovu



Wengi wenu mlikuwa ibadani Jumapili iliyopita hapa Umoja na mliona. Projekta iliwaka, lakini badala ya maneno ya nyimbo ikaleta rangi za upinde wa mvua, ikakwama hapo. Nikashika maikrofoni nikasema kuna watu hawachukulii kazi ya Mungu kwa uzito. Sikutaja jina, lakini macho yote yalimgeukia kijana wetu wa mitambo. Akainamisha kichwa.

Baada ya ibada nilibaki naye. Mashine yetu ya nyimbo ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja inayotoshea kiganjani, na kila kitu chake kiko kwenye memori kadi. Alianza na mambo rahisi. Akabadilisha chaja, maana stima ikiwa dhaifu haiwaki vizuri. Akabadilisha waya wa projekta. Rangi zile zile. Akatazama taa ya kijani.

"Pasta, kama kerneli ingekuwa haipo kabisa, hii taa ingepepesa mara 7. Haifanyi hivyo. Faili iko, lakini nadhani imeharibika."

Kerneli, alinieleza, ndiyo moyo wa mfumo wote. Zile rangi hutokea kabla kerneli haijashika usukani. Ikiwa mbovu, mashine haivuki hapo.

Mzee mmoja akashauri kadi ifutwe yote tuanze upya. Kijana akasema hapana, humo mna nyimbo na ratiba zetu za miaka. Akaitia kadi kwenye laptop, akanakili kila kitu kwanza, kisha akatafuta faili inayoitwa kernel8.img. Ilikuwepo. Jina sahihi, mahali sahihi. Kwa macho huwezi kuona kasoro.

Akachukua nakala safi ya toleo lile lile, akazipima zote mbili kwa SHA-256, hesabu inayoipa kila faili alama 64. Hata kitu kidogo sana kikibadilika ndani, alama hutoka tofauti. Zetu hazikulingana.

Ndipo akauliza kwa upole: "Pasta, jana usiku niliiacha ikijiapdeti. Kuna mtu alichomoa stima?"

Ni mimi. Baada ya mazoezi ya kwaya nilizunguka nikichomoa kila soketi ili tokeni zisiishe. Kerneli mpya ilikuwa inaandikwa kwenye kadi, nami nikaikatiza katikati. Asubuhi nikamlaumu mwingine mbele ya kanisa.

Nilimkumbuka Nathani akisimama mbele ya Daudi, 2 Samweli 12. Mfalme alikuwa mwepesi sana wa kumhukumu mtu wa kwenye hadithi, kumbe mtu huyo ni yeye.

Mpendwa, mimi pia nina jina sahihi. Naitwa mchungaji, nakaa mahali sahihi, nasimama madhabahuni. Lakini Jumapili ile moyo haukulingana na nakala safi, yaani Kristo. Nikijipima na jirani nitajiona niko sawa. Nikijipima na Yeye, hata kiburi kidogo kinaonekana.

Soma Zaburi 51 leo. Daudi hakuomba kiti kingine wala jina jingine. Aliomba moyo safi. Kijana wetu hakuifuta kadi. Alibadilisha faili ile moja iliyoharibika, akarudisha kadi, na maneno ya nyimbo yakatokea ukutani. Mungu hana haja ya kufuta miaka yako yote. Mruhusu afike pale palipoharibika.

Jumapili hii nitamwomba kijana msamaha kwa maikrofoni ile ile. Na wewe, ni nani unamlaumu kwa soketi uliyochomoa mwenyewe? Mpigie simu leo.

Tuombe: Baba, tupime sisi kabla hatujawapima wengine. Palipoharibika ndani yetu, weka kipya. Katika jina la Yesu.

Kama unapokea, andika Amina. Barikiwa.