Maji ya Udhu na Vyura wa Kitengela

Swali aliloniletea binti yangu mwaka jana lilikuwa la kifiqhi, ingawa lilianzia bustanini. Yeye na mumewe wamejenga Kitengela, kwenye ploti ya hamsini kwa mia, na maji wananunua kwa lori. Alitaka kuchimba kidimbwi nyuma ya nyumba, ndege wanywe na vyura wapate makao. Mumewe akasema hiyo ni israfu. "Baba, mwenye haki ni nani?" akaniuliza.

Nilipowazuru, nilianza kwa kumwunga mkono mkwe wangu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita, anayenunua maji kwa lori hana ruhusa ya kuyafanya pambo. Lakini nyumba ile ina watu wazima wanne, kila mmoja akitawadha mara tano kwa siku, na maji yote huishia shimoni. Tukakinga beseni chini ya mfereji. Kufikia Isha, ndoo mbili za lita ishirini zilikuwa zimejaa. Maji hayo, kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ni twahara ila hayatwahirishi. Hatuwezi kuyatawadhia mara ya pili. Ndege hana sharti hilo. Tena hayana sabuni. Suala la israfu likaishia hapo.

Na haja ya maji kwa viumbe wa kule ni kubwa. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haikuzungushiwa ua upande wa kusini, ili nyumbu na pundamilia watoke kwenda malishoni katika mbuga za Kitengela. Leo njia zao zimejaa kuta zetu. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha. Mizoga ya ng'ombe ilitapakaa Kajiado, na mnamo Novemba 2022 serikali ilitangaza kuwa tembo 205 wamekufa nchini katika miezi tisa. Kidimbwi hakimwokoi tembo. Tetere kinamtosha.

Jambo lililonishughulisha zaidi lilikuwa mjukuu wangu, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Mtoto wa umri huo huweza kuzama katika maji ya shibiri moja, na mama hageuki kwa kasi ya maji. Hapa sikukubali mjadala: wavu wa chuma ulisimamishwa kuzunguka mahali pale, mlango ukatiwa komeo la juu, ndipo jembe likaingia ardhini. Sadaka haianzi kwa kuhatarisha roho.

Udongo wa huko ni mweusi; mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Kwa hiyo tulitandika magunia makuukuu, juu yake plastiki nzito wanayotumia wakulima kwenye mabwawa. Kina ni shibiri mbili katikati, na upande mmoja umeachwa mteremko wa mawe, ili mdudu au ndege akitumbukia apate pa kutokea.

Kuhusu mbu, wazee wetu wa Lamu walikwisha kutufundisha. Katika birika za vyoo vya nyumba za mawe walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Tukatia samaki watatu, na kwa kuwa samaki hula pia watoto wa chura, kwenye mteremko tukaotesha majani mazito ya kujifichia.

Mbwa wa jirani, ambaye hupenya chini ya geti, amewekewa karai lake nje ya wavu, lisilotumika kwa kazi nyingine ya nyumba. Twahara yetu inahifadhika naye anakunywa. Waliosoma hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea mbwa maji kwa kiatu chake hawatastaajabu.

Mvua za vuli zilipoanza, vyura walikuja wenyewe, na wanalia usiku kucha. Mkwe wangu amenipigia simu akilalamika kwamba hapati usingizi. Nilimkumbusha kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kutia chura katika dawa, naye akakataza kumwua. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama inajuzu kuwahamisha. Inajuzu.