Gitaa la Pili

Mimi ni mtu wa majina. Wimbo wa zamani wa Kongo ukianza kulia mahali, iwe kwenye teksi au kwa jirani, mwimbaji hajamaliza hata ubeti wa kwanza nami nimeshaanza kujihoji: hii ni African Jazz au tayari ni African Fiesta? Solo la gitaa anapiga Nico, au ni mtu aliyejifunza kwake? Ulitoka kabla ya uhuru au baada yake? Sijui hasa tabia hii niliipata wapi. Labda ni kwa kuwa nilizikuta nyimbo hizi zimeshazeeka, nikazipenda kama mtu anavyompenda babu ambaye hakumuwahi: kwa kuulizauliza waliomjua.

Hapa Kinanira, Bujumbura, upande wa juu ambako ukitazama magharibi unaliona ziwa na milima ya Uvira ng'ambo yake, tuko wachache tunaokutana Jumapili baada ya chakula cha mchana kusikiliza santuri za miaka ya sitini. Si chama, hatuna mwenyekiti wala mchango. Mwenye nyumba ni mzee aliyekuwa fundi redio, na gramafoni yake huitengeneza mwenyewe. Yupo mama aliyekulia mtaa wa Buyenzi, ambaye huja na kitambaa chake cha kufuma na hazungumzi sana. Yupo kijana wa kutoka Uvira anayesoma hapa mjini. Kilingala chake kinatupita sote, na yeye ndiye hutufafanulia maneno tuliyokuwa tukiyaimba miaka yote bila kuyaelewa. Nami nipo, na daftari langu.

Mzee hapendi kuona santuri ikishikwa ovyo. Unaishika kwa ukingo, viganja viwili, vidole visiguse mistari. Zile ndogo za mizunguko 45 zina tundu pana katikati, kwa hiyo kabla hajaiweka hupachika kipande cha plastiki cha kuzibia, akaizungusha kidogo kwa kidole kuona kama imekaa sawa. Wakati wa kiangazi, vumbi linapoingia kila mahali, huziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kiganja kimefunika lebo isilowe. Lebo ikitoka, anasema, umebaki na sauti isiyo na kwao. Na kwenye lebo nyingi, juu ya jina la bendi au pembeni yake, utakuta jina lingine limeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri: mwenye santuri wa kwanza, aliyeiandika jina ili irudi kwake baada ya dansi.

Wengi wao hatuwajui. Katika nchi hii watu wamezikimbia nyumba zao zaidi ya mara moja, mwaka 1972, mwaka 1993, na baadaye tena, na anayekimbia habebi santuri. Zilizobaki zimebaki kwa bahati, mojamoja, bila makasha, nyingine zimepita mikono isiyojua ni nini. Ndiyo maana huwezi kuijua historia ya nyimbo hizi kwa kukaa peke yako na rafu. Rafu yenyewe ina mapengo. Unachokikosa kwenye santuri kipo kichwani mwa mtu, na yeye anachokikosa kipo kwa mwenzake, na hapo ndipo Jumapili zetu zilipoanzia.

Mambo ambayo sote tunayajua ni machache, na yameshaandikwa na wengine: kwamba Joseph Kabasele, Grand Kallé, alianzisha African Jazz Léopoldville mwaka 1953, kwamba OK Jazz ya Franco ilifuata mwaka 1956, kwamba Januari 1960 Kabasele alikwenda Brussels na wenzake, akawachukua pia Vicky Longomba na Brazzos wa OK Jazz, wakati wanasiasa wa Kongo wakikutana na Wabelgiji kwenye Mkutano wa Meza ya Duara. Huko ndiko kulikotoka Indépendance Cha Cha. Mji wetu wakati huo uliitwa bado Usumbura, na uhuru wetu haukuja mpaka tarehe 1 Julai 1962. Lakini redio haikuwa na mpaka. Yule mama alikuwa mtoto mdogo, na anakumbuka watu wazima wakiucheza wimbo ule uani kwao Buyenzi kana kwamba umetungwa kwa ajili yao. Alikuwa mtu mzima ndipo alipoelezwa kwamba majina yanayotajwa mle ndani ni ya wanasiasa na vyama vya Kongo. "Sisi tuliucheza kama wa kwetu," alisema, akaendelea kufuma.

Niliposikia hivyo kalamu yangu ilisita. Daftari langu lina safu: bendi, lebo, mwaka, waimbaji, wapigaji. Ua wa Buyenzi uende safu ipi? Niliuandika chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kisha nikaona aibu kwa ule udogo wa herufi.

Jumapili moja tulibishana juu ya santuri ya African Fiesta ambayo lebo yake imechubuka mpaka huoni mwaka wala namba. Kwa wasiofuatilia mambo haya, ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka 1963 Tabu Ley Rochereau, Nico Kasanda na Roger Izeidi walimwacha Kabasele, wakaunda African Fiesta. Baada ya miaka michache tu nao wakagawanyika: Rochereau akaenda na African Fiesta National, Nico na African Fiesta Sukisa. Kwa Rochereau solo likashikwa na Guvano. Sasa santuri imeandikwa African Fiesta tupu. Sauti ni ya Rochereau, hilo halina ubishi. Je, gitaa ni la Nico, au mgawanyiko umeshatokea na anayelia pale ni Guvano? Mzee alisema Guvano. Mimi nikasema Nico, kwa sababu ya namna solo lile linavyopanda taratibu halafu likakaa juu kidogo kabla ya kushuka. Kijana alitafuta kwenye simu akakuta majibu mawili yanayopingana, yote mawili yameandikwa kwa uhakika mkubwa.

Mama aliweka kitambaa chini. Akasema, "Nyinyi mnamsikiliza wa mbele tu. Msikilizeni wa nyuma."

Mzee akarudisha sindano. Na mimi, ambaye wimbo ule nilikuwa nikiujua tangu zamani, nilianza kusikia kitu ambacho kilikuwa mle siku zote. Gitaa la pili, la rithimu, lilikuwa likizunguka kipande kimoja kifupi, tena na tena, ila si kilekile kabisa. Kila mwimbaji alipomaliza mstari lilidondosha noti moja, nafasi ikabaki wazi kidogo, kisha likairudia. Solo lilikuwa likipanda kwa sababu kuna kitu chini yake ambacho hakipandi. Mama alituambia kwamba wao wasichana hawakucheza kwa solo hata siku moja. Mguu unamfuata wa nyuma. Wa mbele ni wa masikio. Kisha akasema kwamba huyu wa nyuma ni yuleyule wa santuri tuliyoisikiliza kabla ya hii, ile ya African Jazz. Jina lake halijui, ila mguu wake unamjua.

Aliyemzungumzia, kama alisikia sawasawa, ni Charles Mwamba, aliyejulikana kwa jina la Déchaud, kaka yake Nico. Walipiga pamoja African Jazz, wakahamia pamoja African Fiesta, na mgawanyiko ulipokuja alikwenda na mdogo wake Sukisa. Kwa hiyo kama gitaa la nyuma ni la Déchaud, mgawanyiko haujatokea bado na la mbele ni la Nico. Mtu asiyejua jina alikuwa ametoa ushahidi ambao sisi wa majina hatukuwa nao.

Mzee hakukubali, na sina haki ya kusema kwamba alikosea. Alisema mtindo unaigwa. Kwamba vijana wa wakati ule walikaa usiku kucha wakimwiga Déchaud kama walivyomwiga Nico, mpaka yeye mwenyewe, aliyezifungua redio zao na kuwatengenezea vikuza sauti, asingeweza kuapa nani ni nani. Ubishi uliishia pale. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari. Kurasa za Nico zimejaa: alizaliwa 1939, alianza African Jazz akiwa bado kijana mdogo, aliitwa Docteur, alifariki 1985. Ya kaka yake ni mistari michache, na karibu yote inamtaja kwa ajili ya mdogo wake. Nilikaa nayo kwa muda mrefu usiku ule. Sikujua kama ninachokitaka ni kuongeza mistari au kujifunza kusikiliza upya kila nilichokwisha kukiandika.

Kuna wakati huwa najiuliza kama majina haya yana faida yoyote. Mama aliniuliza hivyo hivyo, kwa upole: walioimba wamekufa, waliocheza wamezeeka, unayakusanya kwa ajili ya nani? Jibu langu la kwanza lilikuwa Daudi Kabaka. Kabaka alizaliwa Kyambogo, Uganda, akafanya jina lake Nairobi na Equator Sound Band katika miaka ileile ya sitini. Wimbo wake Helule Helule ulichukuliwa na bendi ya vijana wa Kiingereza, The Tremeloes, nao mwaka 1968 ukafika nafasi ya 14 kwenye chati za Uingereza. Wapenzi wa bendi za Kiingereza za wakati ule, waliozifahamu santuri zao mpaka namba za lebo, bila shaka walicheza wimbo wa mtu wa Nairobi bila kujua. Jina linapofuatiliwa, mtu huyo anarudi mahali pake. Na wimbo wa Malaika je? Fadhili William aliurekodi na ukajulikana dunia nzima kwa sauti ya Miriam Makeba, lakini hadi leo Watanzania wengi watakuambia mtunzi ni Adam Salim, na watabishana na Wakenya mpaka chai ipoe. Sidhani watu hugombania hivyo kitu kisicho na faida. Wanagombania haki ya mtu.

Lakini kuna mfano mwingine ulio karibu nasi zaidi, na huo ndio unaonisumbua. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, na mwaka uliofuata santuri ikatolewa Paris na Ocora. Ndani yake mna ngoma zetu, zile zinazopigwa na watu wengi kwa pamoja, mmoja akiongoza katikati. Mwaka 1971 sauti hiyohiyo iliwekewa gitaa na kinanda juu yake, ikauzwa kama wimbo wa dansi kwa jina la Burundi Black, nayo ikaingia kwenye chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia kwenye wimbo wake The Jungle Line. Baadaye bendi za London zilijenga mdundo wao juu ya mdundo ule. Jina la nchi lilisafiri pamoja na ngoma. Majina ya waliozipiga hayakusafiri.

Tuliisikiliza kwenye simu ya kijana, kwa sababu santuri yenyewe hatuna. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kitu ambacho bado sijakimaliza kukifikiri: kwamba pale hakuna gitaa la pili, kwa sababu wote ni la pili, na wote ni la kwanza. Aliyezaliwa kwenye ngoma ile haulizi nani alipiga. Anauliza walitoka kilima gani. Labda basi kuna muziki ambao haki yake si jina la mtu mmoja, na mimi na safu zangu nataka kuupimia nguo isiyo yake. Au labda hilo ndilo lililomrahisishia kila aliyezichukua ngoma zile kudhani hazina wenyewe. Nikilala na wazo la kwanza, naamka na la pili.

Kwa sasa nimebadilisha jambo moja tu katika daftari. Kila nikiandika kitu kuhusu wimbo, pembeni naandika nimekisikia kwa nani, na alikuwa wapi alipokijua: kwa lebo, kwa redio, kwa mguu. Kwa ile santuri iliyochubuka nimeandika Nico kwa ushahidi wa mama wa Buyenzi, na Guvano kwa ushahidi wa mwenye gramafoni, bila kufuta mmoja. Mzee alipojiona pale alikataa. Alisema habari za Guvano hakuzitoa kichwani mwake, alielezwa na mpiga besi mmoja wa Uvira aliyekuwa akimletea redio, na huyo alishafariki. Basi nikaliandika na jina la mpiga besi. Mzee akafikiri kidogo, akaniambia niache nafasi chini yake, maana huyo naye lazima kuna aliyemwambia, na kijana akirudi Uvira likizo ijayo aulize kwa familia ya yule mpiga besi kama kuna anayekumbuka.