Theluji na Mkate wa Nana katika Mji wa Sarajevo

Watu wa pwani yetu huijua theluji kwa jina kabla ya kuijua kwa macho. Jina lenyewe limetoka katika Kiarabu, na mtoto wa chuoni hukutana nalo mapema, katika dua ya kufungulia sala ambamo Mtume wetu (S.A.W.) alimwomba Mola wake amwoshe makosa kwa maji, na theluji, na mvua ya mawe. Dua hiyo nimeisomesha miaka mingi. Theluji yenyewe nimeikanyaga Januari ya mwaka huu, nami nimekwisha vuka miaka hamsini, katika mji wa Sarajevo, nchi ya Bosnia. Binti yangu ameolewa huko, na wajukuu wangu wawili wamezaliwa huko.

Sarajevo ni mji wa bondeni, lakini bonde lenyewe liko juu: zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mto Miljacka wapita katikati, na milima imeuzunguka mji kama kingo za bakuli. Msikiti mkubwa ni wa Gazi Husrev-beg, uliomalizika kujengwa mwaka 1531. Karibu yake pana mnara wa saa ambao mishale yake haifuati saa ya Kizungu. Hupangwa ili jua linapotua iwe saa kumi na mbili kamili. Nilipoelezwa jambo hilo nilicheka peke yangu njiani. Nimesafiri masafa yote yale nikakuta mnara wa Ulaya unaohesabu kama Lamu na Unguja!

Mkwe wangu, yaani mama wa mume wa binti yangu, ni mjane anayekaribia miaka sabini. Wajukuu humwita Nana, kwani ndivyo Waislamu wa huko wamwitavyo bibi. Nasi zamani tulikuwa na neno hilo hilo la kumwitia mwanamke mheshimiwa. Mimi hunita kwa neno lao la mkwe, ambalo maana yake pia ni rafiki. Lugha yake siijui naye hajui yangu, binti yangu ndiye mkalimani. Lakini akisema *sabah* najua ni asubuhi, akisema *sabur* najua ni subira, na akisema *sapun* nampa sabuni.

Asubuhi moja theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Kutia udhu kwa maji ya huko ni jihadi ya peke yake. Wazee wengi wa Bosnia huvaa khofu za ngozi wakapaka maji juu yake, na katika baridi ile nikafahamu vizuri rehema ya ruhusa hiyo, ambayo sisi huisoma kitabuni tukaipita upesi. Baada ya chai Nana akafunga kilemba chake, akawaita watoto jikoni.

Alichotaka kupika ni *pita*. Unga wa ngano hukandwa kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, kisha donge hupakwa mafuta likaachwa lipumzike. Hapo meza nzima hutandikwa kitambaa cha maua. Nana akaliweka donge katikati, akalitandaza, kisha akaingiza mikono chini yake, migongo ya viganja juu, akawa anavuta huku anazunguka meza, pole pole, mpaka unga ukaning'inia pande zote na maua ya kitambaa yakaonekana chini yake. Wapishi wetu wa manda za sambusa ni hodari, lakini haki isemwe: sijaona wembamba kama ule. Mjukuu mkubwa, wa miaka tisa, alipewa kazi ya kunyunyiza mafuta. Mdogo, wa miaka sita, kazi ya kutandaza nyama iliyokatwa ndogo ndogo kwa vitunguu na pilipili manga. Halafu unga ukakunjwa ukawa kama kamba nene, ukaviringishwa katika sinia mfano wa nyoka aliyelala. Nikauliza jina. Yenye nyama, na hiyo peke yake, ndiyo *burek*. Ya jibini ina jina lake, ya mchicha lake, ya viazi lake, na ole wako uzichanganye mbele ya Mbosnia.

Zamani ilipikwa chini ya kifuniko cha chuma kilichopaliwa makaa juu, vile vile kama tufanyavyo kwa mkate wa kumimina. Siku hizi ni joko la umeme. Nana akaitia, akatazama saa, akawaambia watoto kwamba wana muda wa kwenda kuteleza.

Nyumba iko katika mtaa wa mlimani, nao mitaa huiita *mahala*. Njia ni mteremko mkali, na theluji ikianguka watoto hushuka nayo juu ya kigari cha mbao kisicho magurudumu, bali miti miwili mirefu chini yake. Watoto walikwisha vaa viatu. Baba yao alikuwa amesimama dirishani, hana haja ya kutoka. Binti yangu akaninong'oneza kwamba hatoki kamwe siku kama hiyo.

Mji huu ulizingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996. Milima ile ile ambayo mwaka 1984 dunia nzima ilikuja kufanyia michezo ya Olimpiki ya baridi, ikajaa mizinga ya majeshi ya Waserbia wa Bosnia. Watu walikata miti ya bustani wapate kuni, wakasimama foleni kwa maji na kwa mkate, na katika foleni hizo nako wakauawa. Aprili 2012 vilipangwa katika barabara kuu viti vyekundu 11,541 visivyo na mtu, kimoja kwa kila aliyekufa. Na tarehe 22 Januari 1994, katika mtaa wa Alipašino Polje, watoto walitoka kucheza na theluji, makombora yakawaangukia. Sita walikufa.

Mkwe wangu wa leo alikuwa na miaka minane, nao wakikaa mtaa wa jirani. Nana alinisimulia kwamba tangu siku hiyo hakumruhusu kuvuka mlango wakati wa theluji. Mtoto alilia. Yeye akawa anachukua ukufi wa unga wa msaada, ambao haukutosha hata kwa mkate, akaukanda, akampa donge lile achezee: atengeneze mpira, atengeneze mtu. Jioni humnyang'anya, akalioka, wakala. "Lilikuwa jeusi kwa vidole vyake," alisema, "nasi tulikula kwa bismillahi."

Nikamwuliza, je, wewe huogopi kuwatoa hawa?

Binti yangu alipomfasiria alifuta unga mikononi bila kunijibu. Alikwenda dirishani, akamsemesha mwanawe maneno machache ambayo sikufasiriwa, akamkabidhi kamba ya kigari.

Nilitoka nao, nimevaa makoti mawili. Theluji ililia chini ya viatu vyangu kama mchanga mkavu. Mtu mzima wa miaka arubaini alikaa nyuma, mdogo akamweka mbele yake, akatazama kilele cha mlima kwa muda kuliko ilivyohitajika. Mkubwa akawasukuma. Walipofika chini wote wawili walikuwa wamepinduka, weupe kutoka kichwani mpaka miguuni, na kicheko nilichokisikia kwanza hakikuwa cha mtoto. Niligeuka nimwonyeshe Nana, lakini hakuwapo mlangoni. Alikwisha rudi jikoni kuitazama pita, maana muda wake ulikuwa umetimia.